Nakshi za mkono kwenye flati mpya: fundi wangu wa Mji wa Kale

Jamani nyinyi mnaojenga Mombasa na mmechoka kuona kila jengo ni vioo vya buluu na alumini, nina habari ya karakana niliyoipa kazi mwaka jana. Jina siliweki manake malalamiko ninayo na mzee mwenyewe twaswali msikiti mmoja.

Jengo ni flati ya ghorofa tatu huko Tudor, simiti tupu. Mamangu alikulia Mji wa Kale, akasema yeye haingii kwenye sanduku, angalau roshani za mbele ziwe na nakshi kama zile za Ndia Kuu. Kwanza nikaenda kwa watu wa mashine, wakanionyesha sampuli ya MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, iliyokatwa na kompyuta, bei rahisi na siku tatu iko tayari, lakini ukiipapasa yote ni kina kimoja kama biskuti, na MDF kwa mvua zetu hizi, wapi!

Ndo nikaishia kwa huyu mzee, vichochoroni nyuma ya Ndia Kuu. Pesa hakuuliza. Aliuliza, "Ghorofa ya ngapi?" Siku ya pili akaja na tuktuk, akavuka barabara akasimama ng'ambo, mkono kwenye paji la uso, kimya, hata nikaanza kuona haya watu wanapita. Alaf akaniambia, "Mwanangu, nakshi ya kabati ukiitia huko juu haionekani, lazima tukate ndani zaidi." Ati jua la hapa saa sita liko utosini, kinachoonekana kutoka chini ni kivuli, si mbao. Ua akalichora kwa bikari kwenye karatasi ya kaki, akalibandika kwenye mvule, akaanza na patasi na nyundo ya mti, tk tk tk, hana haraka na mtu.

Na hapo kwa haraka ndo tulipokosana. Aliahidi wiki sita, ikawa karibu miezi minne, Ramadhani imo humo na matanga mawili, ukipiga simu ni "ntakuja kesho inshallah", nami mpangaji wa kwanza ashalipa diposti. Ubao mmoja ukapasuka ufa wa kuingia ukucha, mbao haikuwa imekauka vizuri, lakini huo aliubadilisha bila ubishi wala senti ya ziada.

Lililoniuma ni kufunga. Alituma vijana wake, wakapiga misumari ya chuma ya kawaida, tena ubao umelala bapa kwenye simiti, hakuna pa hewa kupita. Mombasa hii yenye chumvi! Masika ya kwanza tu ukuta mweupe ukawa na michirizi ya kutu kama mtu aliyelia na wanja. Ikabidi nitafute fundi mwingine, abandue zote, atie vipapi, yaani vipande vyembamba vya mbao, nyuma ili maji yasikwame, na afunge kwa skrubu za stenlesi, gharama juu yangu.

Bei yenyewe ilikuwa kama mara tatu ya mashine, nusu unatanguliza. Nilinung'unika, sikatai. Lakini kuna pahali kwenye ile nakshi ya mnyororo ya pembeni, roshani ya chini, mbao ilikuwa na kifundo, mzee hakukikata wala hakukificha, alikizunguka akakigeuza jani, kwa hiyo mnyororo wote ni pete pete pete, jani moja, pete tena. Mwanangu wa miaka sita ndo aliyeliona kwanza, sa hivi kila mgeni lazima aonyeshwe. Na jioni jua likiwa kwa ubavu mbele yote yachomoza, watu wa matatu wanageuza shingo.

Mlango wa chini bado, nimempa huyohuyo, na mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, nimetaka uchongwe mpaka chini. Mbao nimemwambia kwanza ilale karakanani ikauke, nimeiwekea alama ya chaki na tarehe, na skrubu nimenunua mwenyewe, ziko kwenye dashibodi ya gari.