Uzoefu wangu: programu ya miezi sita ya mafunzo, mashindano na ruzuku kwa biashara ndogo

Ninachokipima hapa ni programu ya kituo atamizi kimoja (kinacholea biashara changa) cha Dar es Salaam, jina naliacha. Ina wiki 4 za darasani, miezi mitano ya kulelewa na mshauri, halafu siku ya kupichi, yaani kuinadi biashara yako mbele ya majaji. Kila mshindi anapata ruzuku ya shilingi milioni 20 kwa awamu tatu. Niliingia na biashara ya embe na nanasi zilizokaushwa. Wenzangu walikuwa wa usindikaji wa vyakula, wa programu za simu na wa vifaa vya umeme wa jua. Mafunzo nayapa nyota 4 kati ya 5. Mshauri nampa 5. Utaratibu wa malipo naupa 2, na hiyo 2 ndiyo iliyonikalisha kuandika, maana mtu akisikia milioni 20 haulizi zinatoka lini wala kwa masharti gani.

Tuanze na maombi. Fomu ilitaka cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi (TIN), namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na taarifa ya benki au ya pesa za simu ya miezi sita. Wengi hukwama kwenye majina kuliko kwenye wazo la biashara. Cheti cha BRELA kinasomeka hivi, akaunti ya benki vile, TIN iko kwa jina la mwenye biashara peke yake. Mkaguzi hana namna ya kujua kama ni biashara moja, anaweka pembeni. Kurekebisha kunakula wiki kadhaa, kwa hiyo linganisha karatasi zako kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Angalia pia kama wanakubali jina la biashara au wanataka kampuni. Jina la biashara halikutenganishi wewe na biashara yako kisheria, hivyo programu yoyote inayochukua hisa itadai kampuni.

Majibu yaandike kwanza kwenye faili lako, hesabu maneno, ndipo ubandike. Tovuti nyingi za maombi hukutoa nje ukikaa muda bila kubonyeza kitu, na kazi yote inapotea.

Swali linalowaangusha watu ni lile la tatizo unalotatua. Wanaandika ukosefu wa ajira kwa vijana. Hilo ni tatizo la taifa. Mteja wako halipii fedha ili litatuliwe. Mwenye hoteli ya watalii anayehitaji vitafunwa vinavyokaa miezi bila jokofu ana tatizo linalolipiwa. Andika la huyo, taja bei anayolipa sasa kwa anachotumia badala ya chako, na sema umemuuzia mara ngapi. Ajira zitaje kwenye swali la matokeo kwa jamii, maana nalo limo.

Mafunzo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Wiki ya kwanza ilikuwa ile karatasi ya masanduku 9 ya mfumo wa biashara: wateja, thamani unayowapa, njia za kuwafikia, uhusiano nao, mapato, rasilimali, shughuli, washirika, gharama. Kuijaza si kazi. Kazi ni kuirudia kila baada ya kuzungumza na wateja kumi. Kwa watu wa programu za simu wiki hiyo ilikuwa na faida kubwa zaidi, kwani wengi walikuwa wameshajenga kitu kabla ya kumuuliza mtu mmoja kama atakilipia.

Wiki ya tatu, ya hesabu ya bidhaa moja, ndiyo ningelipia kwa fedha zangu. Chukua kilo moja ya embe kavu. Inahitaji kama kilo 12 za embe mbichi zenye maganda na kokwa. Embe ikiwa shilingi 600 kwa kilo, hiyo ni 7,200. Vibarua wa kumenya na kukata 2,500. Mifuko 10 ya gramu 100 pamoja na lebo 2,500. Usafiri 1,000, umeme na maji 800. Jumla 14,000. Ukiuza kila mfuko kwa jumla shilingi 2,000, unaingiza 20,000 na kubaki na 6,000. Sasa embe ipande ifike 1,000 kwa kilo, kama inavyokuwa msimu ukiisha: gharama inakuwa 18,800 na unabaki na 1,200. Bado hujatoa kodi ya chumba, matunda yaliyooza njiani wala mshahara wako mwenyewe. Hapo ndipo unaona kwamba biashara hii inasimama au inaanguka kwenye bei ya malighafi, na kwamba fedha za ruzuku zifanye kazi ya kununua na kukausha kwa wingi msimu ukiwa umepamba moto. Mwalimu aliyetufundisha hesabu hii aliwahi kuendesha kiwanda kidogo, na ilionekana.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya wiki ya pili, ya masoko ya mtandaoni. Mifano yote ilikuwa ya kampuni kubwa za ng'ambo, na muda mwingi ulikwenda kwenye matangazo ya kulipia ambayo muuzaji wa mifuko 300 kwa mwezi hawezi kuyamudu. Hakuna aliyefundisha jinsi ya kuingiza bidhaa kwenye rafu ya supamaketi: muda wa kukopesha mzigo, bidhaa zinazorudishwa, msimbo pau, alama ya TBS (shirika la viwango). Kwa usindikaji wa chakula hilo la TBS lilistahili siku nzima. Upo utaratibu wa serikali unaomwezesha mjasiriamali mdogo kupata alama ya ubora bila kulipia kwa miaka mitatu ya mwanzo, akiwa na barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la viwanda vidogo. Darasani haukutajwa.

Mshauri. Tulipangiwa kila mmoja wake, saa moja na nusu kila wiki mbili. Wangu anafahamu ununuzi wa mazao, na kila kikao alianza kwa kufungua daftari la mapato na matumizi, hata kabla ya salamu kuisha. Waliopangiwa mshauri asiyejua sekta yao walipata maneno ya kutia moyo tu. Ukipewa orodha ya washauri, usichague mwenye cheo kikubwa. Chagua aliyewahi kununua au kuuza kitu kinachofanana na chako, na uombe kubadilishiwa ndani ya mwezi wa kwanza wa programu kama hamwendani. Baadaye waandaaji hawakubali.

Siku ya kupichi ni dakika 3 za kueleza na 5 za maswali. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo dakika 3 zinabeba maneno 300 hivi ukisema kwa utulivu. Hati ya maneno 450 itakatwa katikati. Slaidi zihifadhi kama PDF, kwa sababu kwenye kompyuta ya ukumbi herufi hubadilika na video hazichezi. Beba adapta yako ya HDMI. Majaji waliuliza mambo yale yale kwa karibu kila mtu: umeuza kiasi gani miezi mitatu iliyopita, nani amerudi kununua tena, malighafi ikipanda bei utafanya nini, na shilingi ya kwanza ya ruzuku itakwenda wapi. Aliyejibu kwa tarakimu alipita hata kama lugha yake ilikuwa ya kuokoteza.

Kwa wenye ubunifu wa kiufundi, tahadhari moja kubwa. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, hutolewa kwa kitu kipya, na kukionyesha hadharani kabla ya kuwasilisha maombi kunaweza kukuondolea huo upya. Wasilisha kwanza, BRELA au ARIPO (shirika la kikanda la miliki bunifu) iliyopo Harare, ndipo upande jukwaani. Na alama ya biashara uliyosajili BRELA inakulinda Tanzania Bara tu. Zanzibar ina msajili wake, BPRA.

Sasa fedha. Milioni 20 ziligawanywa asilimia 30, 50 na 20: milioni 6 baada ya kusaini mkataba, milioni 10 baada ya kuthibitisha kwamba angalau asilimia 80 ya zile 6 zimetumika kama ilivyopangwa, na milioni 4 baada ya ripoti ya mwisho. Soma tena hiyo ya mwisho. Ina maana milioni 4 za mwisho unazitumia kwanza kutoka mfukoni kwako, ndipo unarudishiwa. Asiye na akiba wala mkopo wa kuvukia hatazipata, na wapo walioziacha.

Awamu ya pili ilichukua wiki saba tangu ripoti kuwasilishwa. Embe za pwani zinashika kasi kuanzia Novemba hadi Februari. Ripoti ikiingia mwanzoni mwa Desemba, fedha zinafika mwishoni mwa Januari, na embe ya bei ya chini imekwisha. Kwa biashara ya msimu, omba kwa maandishi kabla ya kusaini kwamba tarehe za malipo zifuate kalenda ya mazao. Waandaaji husikiliza wakati huo. Ukishasaini, kila badiliko linakwenda kwa mfadhili na kurudi.

Kilichochelewesha ripoti nyingi ni risiti. Mkataba ulitaka risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila matumizi. Trei na fremu za chuma za mashine ya kukaushia zinachomelewa na fundi, tuseme wa mtaa wa Gerezani, na mafundi wengi wa aina hiyo hawana mashine ya EFD. Matumizi halali kabisa yakakataliwa. Njia iliyokubalika ilikuwa kutenganisha: chuma kinunuliwe dukani kwa risiti ya EFD, na kazi ya fundi iandikiwe mkataba mfupi wenye jina, TIN, kazi na bei, ukalipwa kwa benki au simu ili kuwe na ushahidi, na kodi ya zuio ya asilimia 5 ikatwe na kupelekwa TRA. Hilo lipange kabla ya kumpa fundi kazi. Karatasi za kutengenezwa baada ya tukio hazipokelewi.

Kosa jingine lilikuwa kwenye bajeti. Watu waliweka bei ya mashine kama ilivyoandikwa kwenye ankara kifani (ya bei, kabla ya kununua), bila VAT. Kwa VAT ya asilimia 18, mashine ya milioni 5 inalipiwa milioni 5.9, na biashara ambayo haijasajiliwa VAT hairudishiwi hiyo laki 9. Inakatwa kutoka kwenye mtaji wa kununulia matunda.

Wenzetu wa teknolojia walipewa pia mkataba wa pili, wa hisa: milioni 20 za ziada kwa asilimia 7. Hesabu yake ni kwamba kampuni nzima imethaminiwa shilingi milioni 285 na ushee. Kwa kampuni isiyo na mapato si mbaya. Kwa ile iliyokuwa inaingiza milioni 15 kwa mwezi, niliona bei iko chini sana, na nilifurahi wenye kampuni hiyo walipokataa.

Nikilinganisha na mashindano mengine, usitafute kubwa kuliko yote. Tafuta linalolingana na hatua uliyopo. Mfuko wa Tony Elumelu wa Nigeria, ulioanzisha programu yake ya wajasiriamali mwaka 2015, hutoa dola 5,000 zisizorudishwa pamoja na mafunzo kwa watu wa nchi zote 54 za Afrika, na hupokea hata walio kwenye wazo tu. Kwa miaka ya karibuni dirisha limekuwa likifunguliwa Januari 1. Africa's Business Heroes ya wakfu wa Jack Ma hugawa dola milioni 1.5 kwa washindi kumi, lakini inataka biashara yenye miaka mitatu na mapato. Ukiwa na miezi minane usipoteze wiki mbili kujaza fomu yake. Mwenye kifaa cha kihandisi aiangalie Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Mshindi wake wa kwanza, mwaka 2015, alikuwa Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha na kichujio chake cha maji, aliyepata pauni 25,000. Na mwaka 2024 Esther Kimani wa Kenya alipata 50,000. Nguvu ya tuzo hiyo naiona kwenye miezi ya mafunzo wanayopata wote walioorodheshwa, hata wasioshinda. Hapa nyumbani kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, ambayo hayadai uwe na kampuni wala shahada. Fundi wa mtaani mwenye kitu kinachofanya kazi anaingia.

Ningeomba tena programu hii? Ndiyo, kwa ajili ya wiki ya hesabu na mshauri. Ila kabla ya kusaini ningetuma barua pepe yenye maswali ambayo sikuyauliza mara ya kwanza: ripoti inapitiwa kwa siku ngapi za kazi, kama mfadhili analeta dola, nani anabeba hasara bei yake ikishuka kati ya awamu na awamu, fundi asiye na EFD analipwaje, na mkataba ukiisha, mashine iliyonunuliwa kwa ruzuku ni mali ya nani. Hili la mwisho kwetu lilikuwa kwenye kiambatisho, ukurasa wa 11: mashine inabaki mali ya mfadhili kwa miaka miwili, na haiwezi kuwekwa rehani benki.