Kozi ya Tailwind niliyolipia, na ile amri ya somo la tatu

Bado nina hasira, na sitaki zipoe ndipo niandike.

Mwalimu simtaji jina. Anauza kozi ya kutengeneza tovuti kwa Tailwind, zana ya kupangia mwonekano wa kurasa, kwa Kiswahili, nami nililipa kwa simu kwa hela ya bando na nauli. Somo la kwanza safi kabisa. La pili safi. Somo la tatu ni la kuandaa mipangilio, na hapo ndipo niliponasa.

Anasema andika kwenye terminali, lile dirisha la amri, `npm install -D tailwindcss`, halafu `npx tailwindcss init -p`. Nikaandika. Kwenye video faili la `tailwind.config.js` linatokea palepale. Kwangu yakaja maandishi mekundu: npm, chombo cha kushushia vifurushi vya programu, haioni programu ya kuendesha. Nikafuta folda ya `node_modules` vinakokaa hivyo vifurushi, nikaanza upya. Yale yale. Nikashusha upya Node, programu inayokuja na npm, bando likakata. Ilikuwa saa nane usiku, na asubuhi nilikuwa nimemwahidi mama mmoja wa Kariakoo, muuza vitenge, kwamba ataona ukurasa wa duka lake.

Nikaenda kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi. Niliandika kwa adabu: "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu, somo la tatu linanigomea," nikaweka na picha ya kioo cha kompyuta. Akajibu: "Wenzako wote imekubali. Soma vizuri kabla ya kuuliza." Kisha akafunga kundi, wasimamizi peke yao ndio waandike.

Wenzangu wote? Wawili walinifuata pembeni usiku uleule. Wao pia walikuwa wamekwama palepale, wakaona aibu kusema. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hela.

Chanzo nilikigundua mwenyewe. Tailwind toleo la 4 lilitoka Januari 2025, na ile amri ya `init` haimo tena. Amri za terminali zimehamia kifurushi cha `@tailwindcss/cli`, na sehemu ya PostCSS (chombo cha kuchakata CSS, lugha ya mwonekano wa kurasa) ina kifurushi chake, `@tailwindcss/postcss`. Video ilirekodiwa enzi za toleo la 3, lakini npm usipoitajia toleo inakuletea jipya. Angesema tu tuandike `tailwindcss@3`, basi! Alama moja na tarakimu moja, watu tungelala.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba njia mpya ni rahisi mno. Ukitumia Vite, chombo cha kujengea mradi wa tovuti, unasakinisha `tailwindcss` na `@tailwindcss/vite`, unaiweka kwenye `vite.config`, halafu juu ya faili lako la CSS unaandika `@import "tailwindcss";`. Huorodheshi tena mafaili ya kukaguliwa, inayatafuta yenyewe. Nilitaka rangi ya ndimu iliyo kwenye kitenge cha yule mama, nikaandika ndani ya `@theme`, sehemu ya kuweka rangi zako, mstari mmoja, `--color-ndimu: #a3c614;`, na papo hapo `bg-ndimu` ya usuli, `text-ndimu` ya maandishi na `border-ndimu` ya mpaka zote zikafanya kazi. Nilifurahi hadi nikasimama. Mama alipoona kitufe akasema, "Mwanangu, hii ndiyo yenyewe."

Ila angalia simu za wateja wako. Toleo la 4 linataka Chrome 111, Safari 16.4 au Firefox 128 kwenda juu. Kama wengi wana simu kongwe ambazo hazijasasishwa, baki na 3.4.

Nilianza kuandika nikitaka kusema kozi hii msiiguse. Lakini nisimdhulumu: masomo yake ya flex na grid, njia za kupanga vitu kwenye ukurasa, yalinifungua macho, sijaona anayeyaeleza vizuri hivyo kwa Kiswahili. Nikafikia kusema nunueni, mruke la tatu.

Sasa hivi nimelifungua tena hilo somo. Amri ni ile ile, chini yake hakuna hata neno moja la kuonya, na kundi bado limefungwa. Hapana. Msinunue.