Kurekodi Ndani ya Ndege Ndogo: Kichujio cha ND, Waya wa Sauti na Kishikio

Habari zenu wadau. Hapa mezani kuna vitu vinne: kamera ndogo ya michezo, pakiti ya vichujio vya ND (vioo vya giza vya kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi), waya wa kuchukua sauti kwenye intakomu ya ndege (mfumo wa kuzungumza kwa hedseti), na kishikio cha mpira unaofyonza kioo. Ndivyo anavyonunua rubani wa wikendi anayetaka kurekodi safari zake akazitazame nyumbani na familia. Asiye na muda nampa jibu mapema: kati ya hivi vinne, kamera ndiyo ya kuhangaikia kidogo kuliko vyote. Yoyote ya miaka ya karibuni inayotoa 4K, inayokuruhusu kupanga mwenyewe kasi ya shata (muda ambao sensa inapokea mwanga kwa kila picha) na yenye njia ya kuingiza maikrofoni ya nje inatosha. Kinachoharibu video za ndege ni propela na sauti, na dawa zake ni vile vifaa vidogo ambavyo wengi hawavitazami mara mbili.

Tuanze na propela. Mmeshaziona zile video ambazo propela imepinda kama ndizi, au vipande vyake vinaelea hewani mbele ya kioo. Kamera haina kasoro. Sensa yake inasoma picha mstari kwa mstari, na wakati inasoma, bapa la propela limeshahama. Jua likiwa kali, kamera yenye lenzi ya f/2.5 (upana wa tundu la mwanga) na ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga) hujichagulia shata ya karibu 1/4000 ya sekunde. Propela inayozunguka mara 2,400 kwa dakika inapiga mizunguko 40 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya 1/4000 inasogea nyuzi 3.6 tu. Kila mstari unainasa kama imesimama, ila kila mstari unainasa mahali pengine. Ndiyo hiyo ndizi.

Dawa ni kuiacha shata wazi muda wa kutosha mabapa yapite duara lote, yaani ukungu wake ujae na propela ipotee machoni. Propela ya mabapa mawili inahitaji nusu mzunguko. Kwa 2,400 hiyo ni 1/80. Ya mabapa matatu inahitaji theluthi, yaani 1/120. Panga 1/60 upate akiba. Wenye injini ya Rotax 912 angalieni hapa: saa ya injini inasoma 5,000, lakini katikati kuna gia. Kwenye 912 ULS gia hiyo ni 2.43 kwa 1, kwa hiyo propela yenyewe inazunguka kama mara 2,060. Piga hesabu kwa propela, usipige kwa injini. Ya mabapa matatu bado inapona kwa 1/60. Ya mabapa mawili iko ukingoni, afadhali 1/50.

Mkiwa chini mnatembea kuelekea barabara ya kurukia, injini kwenye 1,000 hivi, propela itaonekana ikicheza hata ufanyeje, kwa sababu 1/60 inakupa nyuzi 100 tu za mzunguko. Iache. Ukiongeza nguvu ya injini ili kuruka inatoweka yenyewe.

Sasa, shata ya 1/60 kwenye jua kali inaingiza mwanga mwingi mno, na hapo ndipo kichujio cha ND kinapoingia. Kutoka 1/4000 hadi 1/60 ni kama hatua sita za kupunguza mwanga nusu kwa nusu, na hatua sita ni ND64. Jua wazi, ND64. Mawingu ya hapa na pale au ukungu wa vumbi, ND32. Anga lililofunikwa, ND16. Jua likielekea kuzama, ND8, kisha toa kabisa. Ukipanda juu ya mawingu meupe yanayorudisha mwanga, hata ND64 inaweza kuzidiwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa soma namba kwenye pakiti. Zipo zinazoishia 32, na hizo kwa rubani ni nusu ya kazi.

Na tafadhali, kile kichujio kimoja cha kuzungusha, kinachojigamba kuwa ND2 hadi ND400, msikinunue kwa ndege. Ndani yake ni vioo viwili vya kupolaraizi, yaani vinavyopitisha mawimbi ya mwanga ya mwelekeo mmoja tu, vilivyowekwa kimoja juu ya kingine. Madirisha ya ndege ndogo ni plastiki ya akriliki, na akriliki iliyokunjwa ikipigwa na mwanga uliopolaraiziwa hutoa madoa ya rangi za upinde wa mvua. Skrini za dashibodi nazo zinaweza kuwa nyeusi tii. Ni tatizo lilelile la miwani ya jua ya kupolaraizi, ambayo marubani wengi wameshaambiwa waiache nyumbani. Kwa mpiga picha wa arusi kichujio hicho ni kizuri sana. Hapa hakifai.

Mipangilio yenyewe: 4K kwa fremu 30 kwa sekunde, shata 1/60, au fremu 25, shata 1/50. ISO ya chini 100, ya juu 400. Mizani ya rangi nyeupe (white balance) ifungwe kwenye 5500K, la sivyo kila mkipiga kona kuelekea jua picha inageuka bluu, ikirudi inageuka njano. Picha ikiwa imeungua kwa mwanga, panda ND moja. Ikiwa na chembechembe kwenye vivuli, ISO imegonga dari, shuka ND moja. Kama kamera inatazama dashibodi zaidi kuliko nje, ND64 itakuwa nzito. Anza na 16.

Halafu zima utulivu wa picha. Najua ndicho kitu ambacho matangazo yote yanakisifu. Lakini kamera inapima mzunguko kwa jairo iliyo ndani yake, na jairo haijui kuwa imo ndani ya ndege. Ndege ikilala kushoto, kamera inajaribu kuzuia mlalo huo, na matokeo yake dashibodi inaelea huku na huku kwenye fremu. Ule ufungaji wa upeo wa macho ndio mbaya zaidi: upeo unatulia, chumba cha rubani ndicho kinachopinduka. Mtazamaji anaumwa kichwa bila kupanda ndege.

Twende kwenye waya wa sauti, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho kifaa ninachokipa alama za juu kuliko vyote leo. Maikrofoni ya kamera ndani ya ndege ndogo inarekodi injini, basi. Unachotaka ni kile unachosikia masikioni: wewe, abiria wako na redio.

Waya huu una plagi ya milimita 6.3, ile inayoitwa PJ-055, ya upande wa kusikiliza. Plagi ya maikrofoni ya hedseti ni nyembamba kidogo, milimita 5.2, PJ-068, na hiyo haiguswi kabisa. Unachomoa plagi nene ya hedseti kwenye soketi ya ndege, unachomeka waya hapo, kisha hedseti unaichomeka kwenye soketi ya waya. Tawi la tatu linakwenda kwenye kamera kwa plagi ya milimita 3.5. Kamera nyingi za aina hii, GoPro na DJI zikiwemo, hazina tundu la milimita 3.5 mwilini. Zinataka adapta ya kupitia USB-C au fremu yenye adapta. Ihesabu kwenye bajeti, maana bila hiyo waya ni kamba tu.

Makosa manne yanajirudia. La kwanza, waya usio na kipunguza sauti. Sauti ya hedseti ina nguvu kubwa mno kwa tundu la maikrofoni, na ikiingia mzimamzima inakwaruza mwanzo hadi mwisho, na hakuna programu itakayoirekebisha. Tafuta wenye kipunguzi cha karibu desibeli 40 kilichojengewa ndani. La pili, plagi ya mono kwenye paneli ya stirio: inaunganisha upande mmoja wa sauti na ardhi, na unaweza kupoteza sauti ya sikio moja. Hesabu pete nyeusi kwenye plagi ya 6.3. Moja ni mono, mbili ni stirio. La tatu, plagi ya 3.5 ya simu ina pete tatu, ya kamera ina mbili. Waya uliotengenezewa simu unaweza kukupa ukimya mtupu kwenye kamera. La nne ndilo linalowachanganya hata wenye uzoefu: umechomeka kwenye kiti cha abiria, kisha rubani akabonyeza kitufe cha kujitenga kwenye intakomu. Kuanzia hapo abiria hasikii redio, na kamera yako nayo haisikii.

Hedseti yenye plagi moja ya pini sita, inayochukua umeme wa ndege, haiingii kwenye waya huu. Hedseti za helikopta pia zina plagi yake. Wenye hizo, njia ya pembeni ni kipaza sauti kidogo cha kubana nguoni, ukakiingiza ndani ya kikombe cha sikio. Kinafanya kazi, ila waya wake unaacha upenyo kwenye sifongo, kelele zinaingia, na uzuiaji kelele wa hedseti unapungua. Na kabla ya kuweka sauti za redio mtandaoni, soma sheria ya nchi unayorukia. Kuna nchi, Uingereza ikiwa mojawapo, ambako kusambaza mawasiliano ya redio yasiyokuhusu bila ruhusa ni kosa.

Kishikio ni hadithi fupi. Mkono mfupi, kiungo kimoja, mpira mpana. Kila kiungo unachoongeza kinaongeza mtikisiko. Safisha akriliki kwa maji na sabuni laini na kitambaa laini. Dawa ya kioo yenye amonia inaipasua mipasuko midogo isiyofutika. Mpira unashikiliwa na kanieneo ya hewa, na kwenye futi 10,000 hewa imebaki kama asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo kilichoshika vizuri chini kinaweza kubanduka juu. Funga kamba ya usalama, na iwe fupi kiasi kwamba kamera ikianguka haifiki kwenye usukani wala pedali. Kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote kabla ya kuwasha injini. Kishikio cha sumaku kisikaribie dira: washa kamera, tazama dira, izime, tazama tena. Ikisogea, hamisha. Kufunga kamera nje ya ndege ni suala la fundi wa ndege mwenye leseni na mamlaka ya anga. Si la video hii.

Umeme: chaja za bei rahisi za kwenye tundu la volti 12 zinamwaga kelele kwenye masafa ya redio ya anga, megahezi 118 hadi 137. Ipime chaja mkiwa chini. Fungua ATIS (taarifa ya redio ya uwanja wa ndege inayojirudia) ya mbali inayosikika kwa shida, chomeka chaja, chomoa. Sauti ikibadilika, chaja hiyo irudishe garini. Mimi napendelea betri ya akiba ya 10,000 mAh, ambayo ni wati-saa 37. Iwe mahali mkono unafika, maana lithiamu ikianza kupata moto hutaki kuitafuta chini ya kiti. Kadi iwe ya alama ya V30. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45, hivyo ya 128 inakupa chini kidogo ya saa tatu. Kama kamera inakula umeme wa ndege na haina betri ndani, simamisha kurekodi kabla ya kuzima swichi kuu. Faili lisilofungwa vizuri mara nyingi halifunguki.

Hali ya hewa nayo ina mkono wake. METAR (ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege) ikisema 9999, mwonekano ni kilomita 10 au zaidi, lakini hiyo ni kwa usalama. Kwa picha, kilomita 10 za vumbi bado ni picha ya kijivu. Siku nzuri ni ile baada ya mvua kuosha anga. Tazama pia tofauti ya joto na kiwango cha umande: ikibaki nyuzi mbili au tatu asubuhi, ukungu uko karibu, na hapo suala si kamera tena. Jua likiwa mbele yako, kila mkwaruzo wa kioo utang'aa, basi panga mguu mzuri wa safari jua likiwa nyuma au ubavuni. Saa ya kamera iweke UTC, yaani saa ya kimataifa. METAR ni UTC, na kama kitabu chako cha safari nacho kimeandikwa UTC, nyumbani hutahangaika kujua ni kutua kupi.

Nyumbani kwenye televisheni, zima kwanza ule ulainishaji wa mwendo, kwa sababu unabuni fremu za katikati na propela uliyoihangaikia inarudi kumetameta. Familia wape dakika nane: kupaa, kona moja, kitu wanachokitambua ardhini, kutua. Ile saa nzima ni yako. Kamera ikiwa imewekwa nyuma ya bega, kasi na mpira wa kuratibu (kile kijimpira cha kuonyesha kama ndege inateleza kando) vinasomeka, na unaweza kusimamisha picha ukaona kama kasi ya kukaribia ilishuka kabla au baada ya flapu za mwisho (vipande vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua). Ukiona propela imepinda kwenye kipande fulani, fungua taarifa za faili. Kama shata ilifungwa 1/60 na bado imepinda, nguvu ya injini ilikuwa chini wakati huo. Kama ilijipanda yenyewe hadi 1/500, kamera ilirudi kwenye otomatiki ulipobadilisha modi, na mipangilio inabidi uihifadhi upya.