Tuliuziwa kasi, kumbe shida ilikuwa foleni

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha, karibu na bandari, ina simu nane za mezani za intaneti. Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa aibu tupu. Mteja wa Tunduma anauliza kontena lake limefikia wapi, namjibu, naye: "Hebu rudia kaka, unakatika." Mimi namsikia safi kabisa.

Fundi wa kwanza hakugusa hata ruta, akasema tununue kifurushi kikubwa. Tukanunua. Kumbe kilichoongezeka ni kasi ya kushusha tu. Kupandisha, yaani kutuma, kukabaki megabiti 5 kwa sekunde.

Wa pili alianza na swali: mnakatika saa ngapi? Tukachunguza, tukakuta ni kila mara dada wa nyaraka anapopandisha skani za hati za shehena. Akacheka. Simu moja kwa kodeki ya G.711 (namna ya kugeuza sauti kuwa data) inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo zote nane hazifikishi hata megabiti 1. Nafasi ipo, ila mafaili yakijaza njia, sauti inakwama nyuma yake. Na ni ya kwetu inayotoka, ndiyo maana wateja ndio waliolalamika.

Akaipa sauti alama ya kipaumbele, DSCP 46, kisha akabana kupandisha kuishie megabiti 4.5, ili foleni ikae kwenye ruta yetu ya MikroTik na si kwenye modemu ya kampuni, ambako hatuna amri. Tukajaribu: inakatika vilevile! Alihangaika saa nzima mpaka akakumbuka FastTrack, njia ya mkato ya ruta, imewashwa, na mafaili yanapita pembeni ya foleni yake, kama bodaboda kwenye njia ya mwendokasi. Kosa lake hilo, si la ruta. Akaizima. Akazima na SIP ALG kwenye modemu, kipengele kinachochezea taarifa za simu za intaneti zikipita, na zile simu zinazoita, zinapokelewa, halafu kimya, zikaisha.

Sasa skani zinapanda huku naongea. Ila alituambia wazi: alama ya 46 ikishatoka kwetu, huko nje hakuna anayelazimika kuiheshimu, kwa hiyo siku mtandao wa kampuni ukielemewa bado tunakwaruza. Nakala ya mipangilio nayo nimeipata baada ya kumpigia mara tatu.

Nyota nne kwa fundi huyu wa pili. Kile kifurushi kikubwa mkataba wake ni wa mwaka, bado tunalipa.