Kuseti OpenStackClient kwa ajili ya Keystone: clouds.yaml ndo mpango mzima

Wadau mnaoshughulika na OpenStack, ile programu ya kujiendeshea klaudi, leo nataka niizungumzie hii OpenStackClient, ile amri ya `openstack` ya kwenye terminali, hasa upande wa Keystone, sehemu yake inayohakiki wewe ni nani, maana pale ndo mlangoni, usipotambuliwa na Keystone hakuna seva wala diski wala netiweki utakayoigusa. Naipa nyota nne kati ya tano na naipenda kwa dhati, ila naona wengi wanafundishwa kuiseti kwa njia inayowatesa bure.

Kuinstoli hakuna kazi. Debian na Ubuntu ni `apt install python3-openstackclient` basi, ukitaka toleo jipya zaidi unaichukua kwa pip. Debian 12 na Ubuntu za karibuni pip inagoma kuweka vitu moja kwa moja kwenye mfumo, inakuletea neno refu `externally-managed-environment`, hapo usiilazimishe jamani, fungua venv (folda ya Python iliyojitenga na mfumo) au tumia pipx inayokufanyia hivyo yenyewe, uendelee na maisha. Na ukikuta maelezo yanakwambia uandike `keystone user-list` jua ni ya kale hayo, amri ya `keystone` ilishaondolewa kitambo, sasa hivi ni `openstack user list`. Hata API ya v2.0 yenyewe iliondolewa kwenye toleo la Queens mwaka 2018, kwa hiyo kama auth_url yako (anwani ya Keystone) inaishia na /v2.0 weka /v3.

Haya, kuunganisha sasa. Karibu kila mtu anaanzia kwenye openrc, faili la kuseti variable za kuingilia, unaipakua kwenye dashibodi ya Horizon, unaiita kwa `source`, inakuuliza paswedi halafu inajaza OS_AUTH_URL, OS_USERNAME, OS_PROJECT_NAME na wenzao kwenye shell yako. Inafanya kazi, sikatai. Lakini ukifungua terminali nyingine unaanza upya, na ukiwa na klaudi mbili, moja ya majaribio na moja ya kazi yenyewe, zile variable zinabaki zimekaa kimya hapo huzioni, unaweza ukafuta user wa kwenye klaudi ya wateja ukidhani uko kwenye ya kuchezea. Mi hiyo hatari siitaki kabisa.

Ndo maana nasema clouds.yaml. Ni faili moja tu unaliweka kwenye `~/.config/openstack/`, ndani yake unaandika kila klaudi na jina ulilolipa mwenyewe, auth_url, user, projekti, na region kama ipo. Baada ya hapo unaandika `openstack --os-cloud majaribio token issue` na ikikurudishia kijedwali chenye tokeni (kibali cha muda cha kuingilia) na muda wake wa kuisha basi umeingia. Jina la klaudi liko kwenye amri yenyewe, unaliona kwa macho kabla hujabonyeza Enter. Paswedi zitenge kwenye secure.yaml folda hiyohiyo, uifanyie `chmod 600`, halafu clouds.yaml unaweza kumpa hata mwenzio wa timu bila wasiwasi. Angalizo: client inaanza kutafuta clouds.yaml kwenye folda uliyosimama, ndo inaenda kwenye hiyo ya nyumbani, ndo /etc/openstack, kwa hiyo faili lililosahaulika kwenye folda ya kazi linaweza kukupeleka kwingine.

Panapowakwamisha wengi ni domeini, yaani kundi ambalo user na projekti zimo ndani yake. Kwenye v3 jina la user halijitoshelezi, Juma anaweza kuwepo kwenye domeini mbili tofauti na Keystone haiwezi kubahatisha unamsema yupi, na projekti nazo ni hivyohivyo. Ukisahau kuandika unapigwa na `Expecting to find domain in user` na HTTP 400 juu yake, mtu anahangaika na paswedi usiku mzima kumbe paswedi haina kosa. Weka `user_domain_name` na `project_domain_name` zote mbili, kwenye klaudi nyingi ndogo zote ni Default. Ukipata HTTP 401, yaani umekataliwa kuingia, ndo uanze kushuku jina, paswedi au projekti.

Halafu kuna kitu watu hawakitumii wakati ni kizuri mno, application credential, yaani ID na siri ya kuingilia unayoipa programu badala ya paswedi yako. Kama una skripti ya bekapu au Terraform (zana ya kutengeneza seva na netiweki kwa kodi), kwa nini uiachie paswedi yako nzima? Andika `openstack application credential create bekapu --role member`, unapata ID na siri ambayo inaonyeshwa mara moja tu, ikikupita unatengeneza nyingine. Inabaki kwenye projekti moja, unaweza kuiwekea tarehe ya kufa, na ikivuja unaifuta hiyo peke yake, paswedi yako haiguswi. Kwenye clouds.yaml weka `auth_type: v3applicationcredential` na uondoe mistari ya projekti na domeini, maana ukiiacha projekti inakataa ikisema application credentials haziwezi kuomba scope (yaani kuchagua projekti ya kuingia). Na kama ulishaita openrc kwenye shell hiyo fungua shell mpya kwanza, zile OS_ za mwanzo zinaingilia.

Nyota niliyoibania ni ya uzito wa kuwaka. Ni Python, kila amri inapakia plagini zake na kuomba tokeni upya, ukiiweka kwenye loop ya user mia moja utakaa sana. Kinachosaidia ni kuandika `openstack --os-cloud majaribio` bila amri yoyote baada yake, inafungua sehemu yake yenyewe ya kuandikia amri na unaendelea kuandika `user list`, `role assignment list --names` na nyinginezo bila kuiwasha upya kila saa. Kwenye skripti tumia `-f json` au `-f value -c id`, usianze kukatakata jedwali kwa grep na awk.