Rangi za Vifaru vya Mezani: Uanze na Ipi, Uiache Ipi Dukani

Nina vifaru tisa kwenye kabati la vitabu, mifano ya plastiki ya kifaru cha vita cha Kisovieti, T-55, ya kuchezea michezo ya vita mezani; kipimo cha moja kwa mia, kila kimoja kinakaa kiganjani. Mezani vinacheza nafasi ya Type 59 za Kichina ambazo jeshi la Tanzania lilikuwa nazo wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Vitatu kati yake nimevipaka mara mbili. Mara ya kwanza nilinunua rangi kwa uzuri wa boksi, sikujiuliza naenda kupaka nini.

Askari wa mezani ana uso, mkanda, buti na bunduki. Rangi nane kwenye kitu kirefu kama nusu kidole. Kifaru ni rangi moja iliyotanda, halafu uchafu. Ndiyo maana zile seti za chupa 16 au 24 naziona ni pesa iliyolala. Utatumia tatu, zilizobaki zitagandia kwenye droo. Nunua chupa moja moja: rangi ya mwili, rangi nyeusi-kahawia ya minyororo, na rangi ya vumbi.

Kwetu kuna swali jingine: je, rangi itafika? Wengi wetu tunaagiza kwa ndugu wanaosafiri. Kopo la rangi ya kupuliza haliruhusiwi kwenye mzigo wa abiria wa ndege, wala thina, wala enameli, yaani rangi ya mafuta inayoshika moto. Ukimwagiza shangazi vitu hivyo, umempa kesi uwanjani. Akriliki ya maji haina neno. Ifungwe kwenye mfuko wa plastiki na ikae kwenye begi kubwa. Nimepanga orodha hii nikilizingatia hilo.

1. Vallejo Model Color

Inatoka Hispania, chupa ya mililita 18 yenye mdomo wa kudondoshea. Mdomo huo ndio ulioipa namba moja kwangu. Kijani cha vifaru vyangu ni matone manne ya Russian Uniform (70.924) na tone moja la German Grey (70.995). Nimeandika kwenye daftari, na kifaru nilichopaka mwaka jana hakitofautiani na nilichopaka juzi. Kwa rangi ya kopo ungekuwa unakisia kwa ncha ya brashi.

Ina kasoro zake. Isipotikiswa dakika nzima, kinachotoka kwanza ni maji mazito kama uji mwepesi, rangi yenyewe imebaki chini. Mdomo huziba, kwa hiyo weka pini karibu. Na haishiki plastiki tupu: ukishika kona ya kifaru mara tatu nne, weupe unachungulia. Lazima praima, rangi ya msingi inayotangulia, na hiyo nitaifikia.

Kwa minyororo chukua German Camo Black Brown (70.822), na kwa vumbi Iraqi Sand (70.819). Mpaka hapo una chupa nne, na zinatosha kikosi kizima.

2. AK Interactive, kizazi cha tatu

Hii pia ni ya Hispania, chupa ya mililita 17 yenye mdomo kama ule. Inashika vizuri kidogo kuliko Vallejo na inakauka bila kung'aa. Mtu akiniambia ameipata kwa bei nafuu kuliko Vallejo, namwambia achukue na asitazame nyuma. Nimeiweka ya pili kwa mazoea tu. Daftari langu lina namba za Vallejo.

3. Tamiya

Mwenye brashi ya hewa, kile kifaa kidogo cha kupulizia rangi, asome kuanzia hapa, kwa sababu kwake hii ndiyo namba moja. Rangi hizi za Kijapani, vichupa vya kioo vya mililita 10, zikichanganywa na thina yake ya X-20A hupulizika laini kama poda, na zinang'ang'ania plastiki kweli kweli. XF-62 ndiyo kijani cha zeituni cha Wamarekani, XF-60 ni njano iliyokolea ya Wajerumani.

Kwa brashi ya mkono ni mateso. Ina alkoholi, basi ukipaka koti la pili, la kwanza linayeyuka na kukunjamana mbele ya macho yako. Na alkoholi hiyohiyo ndiyo inayoileta shida kwenye ndege. Kama hakuna duka karibu nawe linaloiuza, ipite.

4. Citadel

Rangi za Games Workshop ya Nottingham ni nzuri, lakini kopo la kawaida ni mililita 12 na kifuniko chake hukusanya ukoko mpaka kinakataa kufunga. Rangi inakauka humo humo ndani. Kopo pia hupinduka. Ulizia kitambaa changu cha meza. Kwa kifaru nanunua kopo moja tu la kampuni hii, nalo ni Agrax Earthshade.

Hilo ni woshi, rangi nyepesi ya kahawia inayotiririka na kutulia kwenye mifereji, kuzunguka ribiti na chini ya mnara. Usilipake kifaru kizima kama unavyompaka askari. Kwenye bamba pana la ubavu litaacha madoa kama chai iliyomwagika. Chovya brashi nyembamba, gusa pembeni mwa kifuniko cha dereva, uache litambae lenyewe. Kwa sababu hiyohiyo sishauri zile rangi za koti moja, Contrast za Citadel au Speedpaint za Army Painter, kwa magari ya deraya. Bamba bapa linazisaliti.

5. Enameli za Humbrol

Vikopo vya bati vya mililita 14, harufu yake ni ya karakana. Zinakauka polepole, brashi zinaoshwa kwa tapentaini, na haziruki na abiria. Waliozizoea hawaziachi. Anayeanza asijitafutie.

Sasa praima. Hapa usiagize chochote. Maduka ya rangi za magari, mfano Barabara ya Kirinyaga pale Nairobi, yanauza makopo ya praima ya kijivu ya kupuliza. Nyingine ni kali na hulainisha plastiki, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye fremu uliyokatia vipande. Ikitulia, puliza kwa mbali, makoti mawili membamba, nje ya nyumba.

Vanishi isiyong'aa nunua ya kupaka kwa brashi. Nilipuliza ya kopo Mombasa, mwezi wa Aprili, mvua imetoka kunyesha, na vifaru vitatu vikageuka vyeupe kama vimepakwa unga wa sembe. Unyevu ulinaswa ndani ya vanishi. Viwili nilivikomboa kwa kupaka vanishi inayong'aa juu yake, weupe ukapotea. Cha tatu ni miongoni mwa vile nilivyovipaka upya.

Imebaki besi, kibao kidogo kinachobandikwa chini ya kifaru, na kwanza amua kama unaihitaji. Vifaru vya kipimo changu vinaweza kukaa mezani bila besi. Vile vidogo kabisa, 1/285, viwekee, la sivyo utavishika kwa mtutu mpaka ukatike. Madukani kuna udongo wa kopo, kama Stirland Mud ya Citadel, mililita 24. Unapakwa kwa kijiko, unakauka ukiwa na chembe chembe. Ni mzuri, na kwa besi zaidi ya kumi ni kutupa pesa.

Nafasi ya kwanza naipa mchanga wa ujenzi na gundi nyeupe ya seremala. Uchekeche kwa chujio la chai lililostaafu. Mchanga wa pwani uoshe mara mbili, chumvi isije ikachanua juu ya rangi. Paka gundi, zamisha besi kwenye mchanga, kung'uta, acha mpaka kesho, kisha pitisha gundi iliyochanganywa na maji juu yake. Rangi ya udongo utakayoipaka pale ndiyo hiyohiyo uifikishe kwenye minyororo kwa brashi iliyofutwa karibu kukauka. Mimi hupaka besi na minyororo siku moja, kutoka tone moja, kabla halijakauka kwenye kigae.