Pete Isiyoenea Kidoleni: Mapitio ya DVD ya The Power of the Daleks

Katika dakika za mwanzo kabisa za hadithi hii, baharia kijana aitwaye Ben anaichukua pete ambayo mzee aliyekuwa akisafiri naye hakuwahi kuivua, anamvisha mtu mwingine, mfupi kidogo, mwenye nywele nyeusi zilizotimka na macho yasiyotulia, na pete hiyo inaporomoka kidoleni papo hapo. Kwa Ben, kesi imekwisha: huyu si Daktari. Mtu yule hakasiriki wala hajitetei, bali anauliza kama kipepeo aliyekwisha kukunjua mabawa yake anaweza kuenea tena katika kifuko alichotokea. Polly, msichana aliye pamoja nao, anaidaka kauli hiyo upesi, kwa kuwa ndani yake anasikia kukiri kwamba kweli kuna mtu aliyebadilika. Ben anasikia mtu anayekwepa swali. Nimeitazama sehemu hii mara nyingi kuliko nyingine yoyote ya DVD hii, na kila mara najikuta nikiwaelewa wote wawili.

Kwa msomaji ambaye hajaufuatilia Doctor Who, mfululizo wa televisheni wa BBC, habari yenyewe ni hii. Daktari ni msafiri wa wakati ambaye mwili wake, ukifikia ukingoni, hujifanya upya na kumpa sura nyingine, umri mwingine wa kuonekana, na hata tabia nyingine. Leo watazamaji wanalijua jambo hilo kama wanavyojua kwamba mvua hufuata mawingu, lakini mwaka 1966 halikuwa limewahi kutokea. William Hartnell, aliyeigiza nafasi hiyo tangu mwaka 1963, alikuwa amedhoofika kiafya, na BBC, badala ya kuufunga mfululizo uliokuwa ukipendwa, ikamleta Patrick Troughton na kuwataka watu waamini kwamba ni mtu yule yule. Sehemu ya kwanza ya The Power of the Daleks, iliyoandikwa na David Whitaker, ilirushwa tarehe 5 Novemba 1966, na ya sita, ambayo ni ya mwisho, tarehe 10 Desemba mwaka huo huo. Neno maalumu ambalo mashabiki hulitumia siku hizi kulitaja badiliko hilo halikuingia katika mfululizo hadi mwaka 1974. Ben na Polly, kwa hiyo, hawakuwa na neno wala mfano wa kuwasaidia. Walikuwa na mzee aliyeanguka sakafuni mwa chombo chao, na mgeni aliyeinuka mahali pale pale.

Hiyo ndiyo sababu naiona hadithi hii kuwa bora kuliko zote zilizofuata juu ya jambo hili hili, na ndiyo sababu nilikuwa na hamu ya kuipata. Hamu hiyo ilikuwa na kikwazo kikubwa, kwa maana kanda zake zilifutwa. BBC ya enzi hizo iliziona kanda kama kitu cha kutumiwa tena, na sehemu zote sita zikapotea, isipokuwa vipande vifupi vifupi vya sekunde chache. Kilichobaki kizima ni sauti, kwa sababu kulikuwa na watazamaji waliozirekodi kwa vinasa sauti nyumbani kwao, pamoja na picha mnato zilizopigwa na John Cura mbele ya skrini ya televisheni wakati vipindi vikirushwa. (Matumaini ya kupata kanda hayajawahi kufa kabisa: mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa za hadithi nyingine mbili za Troughton, zilizodhaniwa zimepotea, zilikutwa Jos, nchini Nigeria.) DVD ninayoizungumzia ilitoka mwaka 2016, baada ya hadithi nzima kuchorwa upya kwa uhuishaji wa rangi nyeusi na nyeupe juu ya sauti zile za asili, na kuanza kutolewa tarehe 5 Novemba, miaka 50 kamili tangu kurushwa kwake mara ya kwanza.

Uhuishaji wenyewe una kasoro, na mnunuzi anastahili kuzijua kabla hajatoa fedha zake. Watu wakisimama na kuzungumza, michoro inapendeza, na vivuli vya maabara pamoja na korido za koloni ambako hadithi inatokea vimechorwa kwa uangalifu unaostahili sifa. Wakianza kutembea, miguu inakuwa mizito na mabega hayaendi pamoja na nyayo, hata jicho linaacha kufuata mazungumzo na kuanza kufuata hitilafu. Troughton alikuwa mwigizaji wa uso. Alikuwa akisema jambo moja kwa mdomo na jingine kwa nyusi, na mchoro hauwezi kuzipata nyusi zile. Kuna nyakati ambapo ukimya unarefuka, na unatambua kwamba hapo palikuwa na kitu alichokifanya kwa uso au kwa mikono, ambacho hakuna aliyekirekodi. Toleo lililofanyiwa marekebisho lilitoka mwaka 2020, na anayeanza sasa alitafute hilo kwanza, ingawa mimi bado nauthamini mwonekano wa toleo la kwanza.

Hata hivyo, kasoro hiyo imenipa kitu ambacho sikukitarajia. Kwa kuwa uso uliochorwa ni wa kuazima, mtazamaji analazimika kumtafuta Daktari kwa njia nyingine: kwa sauti, kwa namna anavyonyamaza akiulizwa swali la moja kwa moja, kwa jinsi anavyoanza na mzaha na kumaliza na hofu ya kweli. Tunawekwa mahali pale pale alipo Ben. Uso umeondolewa, na tunaambiwa tumtambue mtu. Nilipofika sehemu ya tatu nilifumba macho kwa makusudi na kusikiliza tu, na ndipo nilipotambua kwamba Michael Craze, aliyemwigiza Ben, anabadilisha sauti yake polepole kadiri hadithi inavyosonga. Mwanzoni anamsemesha mgeni yule kwa makali, kama mtu anayehoji mwizi aliyemkuta chumbani. Baadaye makali yanabaki, lakini ni makali ya mtu anayegombana na mwenzake.

Daktari mwenyewe hawasaidii hata kidogo. Anafungua sanduku la vitu vyake vya zamani, anavitoa kimoja kimoja, na kumtaja mwenye vitu hivyo kana kwamba ni mtu mwingine aliyekwenda zake. Polly akimsihi ajibu, anapuliza filimbi. Anajitia hamnazo mbele ya watu wawili ambao hawana njia nyingine ya kurudi kwao ila kupitia kwake, na jambo hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Ben na Polly waliingia katika chombo chake mwaka huo huo wa 1966, wakitokea London, na hawakuwa wamekaa na yule mzee kwa muda mrefu. Hawakumpoteza rafiki tu, bali walimpoteza mtu pekee aliyekijua chombo kile. Kwa hiyo mashaka ya Ben si ukaidi, wala si ugumu wa moyo kama baadhi ya mashabiki wanavyopenda kusema. Ni uaminifu kwa mzee aliyeondoka bila kuaga, na kumkubali mgeni kwa haraka kungekuwa ni kumpa mzee yule kisogo. Polly naye hajasahau; yeye anachagua kuamini kwanza, kisha anaishi na wasiwasi wake huku akiamini. Anneke Wills anamwigiza hivyo, kwa sauti yenye joto ambayo kila baada ya muda inakatika kidogo mwishoni mwa sentensi.

Ustadi mkubwa wa Whitaker, kwa maoni yangu, uko katika kuiweka familia hii ndogo yenye mashaka katikati ya watu wasio na mashaka hata chembe. Chombo kinatua katika sayari iitwayo Vulcan, penye vinamasi vya zebaki, ambako wakazi wa koloni wamekiibua chombo kilichozama kwa miaka mingi. Ndani yake wamo Dalek, viumbe wauaji waliofungiwa katika magamba ya chuma, ambao Daktari amewahi kupambana nao mara nyingi. Mwanasayansi Lesterson anamwamsha mmoja wao, naye Dalek huyo anatangaza kwamba yeye ni mtumishi wao. Anabeba vinywaji. Anatii amri. Anakubali hata kunyang'anywa silaha yake. Koloni nzima inaridhika, kwa sababu kila mkubwa pale anaona namna ya kumtumia katika njama zake, na mtu pekee anayepiga kelele kwamba kiumbe huyu hajabadilika ni mtu ambaye hata wenzake hawana hakika kama ndiye yeye.

Mabadiliko mawili yamewekwa ubavu kwa ubavu. Dalek wamebadili mwenendo lakini moyo wao ni ule ule, na watu wazima wenye elimu wanawakumbatia. Daktari amebadilika sura, sauti, mavazi na mwenendo, na kilicho ndani yake hakikubadilika, lakini kijana anayempenda hawezi kukiona. Lesterson, anayeigizwa na Robert James kwa namna inayotisha kadiri anavyopoteza akili, anaangamia kwa sababu hakuuliza maswali ambayo Ben aliyauliza tangu dakika ya kwanza. Sijui hadithi nyingine ya mfululizo huu ambamo shaka ya msafiri mwenza imepewa heshima ya namna hii.

Jibu la swali la pete linatoka upande ambao Ben hakuutazamia. Ndani ya maabara, mbele ya watu wote, jicho refu la yule Dalek linageuka na kumfuata Daktari popote aendapo, likiwaacha wengine. Hakuna mtu pale aliyemwambia kuwa huyu ni nani. Beji aliyoivaa inamtaja kuwa ni mkaguzi kutoka Duniani, na aliichukua kutoka kwa mkaguzi halisi, aliyeuawa mara tu walipofika. Adui anamtambua. Katika toleo hili tukio hilo limechorwa vizuri sana: jicho linasogea taratibu, kisha linatulia, na Daktari, ambaye hadi wakati huo alikuwa hatulii mahali pamoja, anasimama kama aliyegandishwa. Nilisisimka. Ben anayaona hayo kwa macho yake, na tangu hapo swali lake linabadilika kutoka kuuliza huyu ni nani hadi kuuliza tufanye nini sasa.

Baada ya hapo hadithi inakuwa ya njama za kisiasa na mapambano, nami sitairefusha, ila niseme kwamba sehemu ya nne na ya tano zinalegea kidogo upande ninaoujali zaidi, kwa sababu Polly hayumo katika moja na Ben hayumo katika nyingine. Waigizaji walikuwa wamepewa mapumziko yao kwa zamu. Mtazamaji anayetaka kuufuatilia uhusiano wa watatu hawa atavumilia hapo kidogo.

Mada hii imerudiwa mara nyingi tangu wakati huo. Mwaka 1984, katika hadithi ya kwanza ya Colin Baker, Daktari mpya anamkaba koo Peri, mwenza wake, akiwa amevurugikiwa na akili, na hadithi inataka tusahau haraka kuliko Peri mwenyewe anavyoweza kusahau, nami sikuwahi kuipenda. Mwaka 2014, Clara, mwenza mwingine wa Daktari, anaachiwa Daktari mpya anayeigizwa na Peter Capaldi, mwenye mvi, baada ya kumzoea kijana, na mwishoni anapigiwa simu na yule Daktari wa zamani, aliyepiga kabla hajabadilika, akimwomba asimwogope huyu mpya. Ni tukio linaloliza, na liliniliza hata mimi, lakini ni msaada ambao Ben na Polly hawakuupata. Wao hakuna aliyewapigia simu. Ilibidi wamtambue kwa matendo yake, siku baada ya siku, wakiwa katikati ya hatari.

Diski zina nyongeza kadhaa, na iliyo na thamani kubwa kwangu ni ule mpangilio wa picha mnato za John Cura. Nashauri zitazamwe baada ya uhuishaji, si kabla. Baada ya kuisikiliza sauti ya Troughton kwa zaidi ya saa mbili juu ya uso wa kuchorwa, kukutana na uso wake halisi, katika picha zenye ukungu wa skrini ya zamani, ni kama kuonyeshwa mtu uliyekuwa ukiandikiana naye barua. Pia kuna maelezo ya sauti ya baadhi ya walioshiriki, yanayofaa kusikilizwa na yeyote anayetaka kujua kazi hii ilivyofanywa.

Naipendekeza kwa moyo wote kwa anayependa hadithi za usafiri wa wakati, na zaidi kwa aliyewahi kuacha kuutazama mfululizo huu kwa sababu Daktari wake amebadilishwa. Aingoje hadi dakika za mwisho. Dalek wameshindwa, koloni imeharibiwa vibaya, na watatu hao wanarudi katika chombo chao. Polly anamtazama Daktari na kumwuliza kama alijua kweli alichokuwa akikifanya. Ben hasemi neno juu ya pete. Daktari anachukua filimbi yake na kupuliza, nao wanamfuata ndani.